Ndoo Ambayo Haijawahi Kukauka

Ukipokea maziwa, usianze kwa kunusa maziwa. Nusa kifuniko. Maziwa yametikiswa kwenye pikipiki tangu porini, yamepigwa upepo, yanafika dirishani yametulia kama mgeni aliyekwisha nawa uso. Kifuniko hakijapata nafasi ya kujiandaa. Kama dumu lilioshwa kwa maji ya bwawa, kifuniko kitakwambia. Kama juzi lilibeba mafuta ya taa, kitakwambia.

Nawaandikia ninyi mnaosimama sasa niliposimama mimi, pale dirishani kwenye kituo cha kukusanyia maziwa hapa Handeni. Mna vifaa ambavyo sisi hatukuwa navyo, na simu zenu zinajua mambo mengi. Lakini simu hainusi.

Kazi yangu ilikuwa kushuku, na niliipenda. Mshuku anayeleta maziwa ya baridi asubuhi na kwao hakuna friji. Hayo yamekutana na maji ya mtungini. Mshuku ambaye kila siku maziwa yake yanakaa palepale kwenye laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Hakuna ng'ombe mwenye nidhamu hiyo. Wengine wanatia maji, halafu wanatia unga kidogo ili uzito urudi. Huyo mdondoshee tone la ile dawa ya kahawia ya vidonda. Kuna bwana mmoja wa hapa mjini ambaye maziwa yake yaligeuka buluu foleni nzima ikitazama. Hakuona hata aibu.

"Mzee Pua," akaniambia, "huyu ng'ombe jana aliingia jikoni akala ugali."

"Na mboga je?"

"Mboga alituachia."

Mzee Pua ndilo jina walilonipa. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa kufukuzwa, miguu tu haikutaka kukaa. Nimekata mkonge Korogwe, nimepakia machungwa, nimekuwa utingo wa malori ya mbao. Popote nilipokuta mtu anafungua mashine, nilisimama kuangalia ndani mpaka anifukuze. Maziwa ndiyo yaliyonishika muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, kwa sababu maziwa hayaishi kukudanganya na mimi sikuchoka kuyakamata.

Sasa niwaeleze siku yaliponidanganya kwa njia ambayo pua haikufika.

Kulikuwa na mama wa Kimasai kutoka Kang'ata, tukimwita Mama Nasieku kwa jina la binti yake. Ukame ulikuwa umemchukulia ng'ombe wengi, waliobaki ndio waliokuwa wakimlisha, na maziwa yao aliyaleta kwetu. Alikuja nyuma ya bodaboda na keni ya alumini aliyoifunga mfuniko kwa uzi mwekundu, na kibuyu cha kwake mwenyewe begani. Kile kibuyu nilikishuku tangu siku ya kwanza. Kilinuka moshi.

"Unaficha nini na huu moshi, yeyo?" nilimuuliza, yaani mama kwa Kimasai.

"Sifichi," akasema. "Tunachoma kijiti, tunasugulia ndani, tunakung'uta majivu. Maziwa yanakaa. Wewe huoshi meno?"

Foleni ikanicheka. Lakini niliendelea kumnusa, na sikuwahi kumkuta na kosa. Maziwa yake yalikuwa mazito, yana malai. Ndiyo maana Mama Zaina wa Kwamndolwa, kule Korogwe, alikuwa hataki maziwa ya kuchanganywa. Mama Zaina ni Mshambaa, muuza mtindi anayejulikana mji mzima, na kila siku gari letu lilipokwenda Korogwe alimwambia dereva: "Nipeni ya uzi mwekundu."

Masika moja ikafika siku ya maulidi huko Kwamndolwa. Watu walikula wali, wakanywa mtindi wa Mama Zaina. Kesho yake nyumba baada ya nyumba watu walikuwa wanaharisha na kushikwa na tumbo. Zaina mwenyewe, binti wa Mama Zaina, alikuwa mjamzito. Alilazwa akiwa hana nguvu ya kuinua kichwa, na mama yake akakesha miguuni pake haelewi kama atatoka na binti, atatoka na mjukuu, au atatoka peke yake.

Mama aliye katika hali hiyo anatafuta wa kumlaumu, na Mama Zaina hakutafuta mbali. Alisema ni maziwa ya uzi mwekundu. Maneno yakapanda gari yakafika Handeni kabla ya gari kusimama. Mmoja akasema Wamasai wanaosha vyombo kwa mkojo wa ng'ombe. Mwingine akasema ng'ombe wa yule mama ni wagonjwa, anawakamulia sumu makusudi kwa sababu ya ugomvi wa malisho na wakulima. Wote hao walikuwa wamekunywa chai ya maziwa yake wiki iliyopita wakaomba waongezewe.

Mama Nasieku alipofika asubuhi, mwenyekiti wa kikundi chetu, Mzee Mhina, alikuwa amesimama dirishani mwenyewe.

"Mama, rudi na maziwa yako," akasema. "Ya Kang'ata hayapokelewi hapa."

"Ya Kang'ata, au ya mimi?"

"Ya uzi mwekundu."

Mama Nasieku alifungua ule uzi taratibu, akauzungushia mkononi. Kijana mmoja kwenye foleni akasema, "Shemeji, wapelekee simba wakanywe," wenzake wakacheka. Aliwaangalia mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mifugo jioni. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe mwenye pua. Ya maulidi ulinusa?"

"Nilinusa."

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, yeyo."

"Basi mwambie."

Nilimwambia Mzee Mhina. Akanijibu kuwa pua yangu si hospitali. Na hapo alikuwa na haki. Mama Nasieku akapanda bodaboda akarudi, na keni imejaa.

Msifikiri nilimwamini yule mama. Mimi siamini watu. Nilichokuwa nacho ni swali moja, na lilinikera kuliko mbu. Nusu ya keni ileile ilikuwa imeteremshwa kwa mama ntilie mmoja hapo Korogwe stendi. Watu walikunywa chai kutwa nzima na hakuna aliyeugua. Maziwa ya keni moja, huku yanalaza watu, kule yanashibisha?

Nikamshuku dereva, kwamba njiani alipunguza akajazia maji ya mtaroni. Nikamchunguza, nikakuta kweli anaiba, ila alikuwa anaiba dizeli. Nikamshuku Mama Zaina, kwamba hachemshi. Nikapanda gari nikaenda Kwamndolwa, nikajifanya nimekwenda kumpa pole.

Zaina alikuwa bado hospitali, lakini mama yake alikuwa amerudi kuangalia jiko. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama. Alichemsha vizuri kuliko wengi wenu mnavyochemsha: maziwa yalipanda, akapunguza kuni, akayaacha yachemke tena huku anakoroga, akaepua, akafunika kwa chandarua, akasubiri yawe vuguvugu. Sikuwa na neno.

Halafu akayamimina kwenye ndoo.

Ile ndoo ilikaa pembeni, imefungwa khanga kama mtoto mgonjwa. Ndani kulikuwa na mtindi wa jana, kama robo. Juu yake akaongeza maziwa mapya, akakoroga kwa upawa, akausuuza upawa kwenye pipa la maji, akaurudisha kuninginia.

"Mbegu unatoa wapi?" nikamuuliza. Mbegu ni ule mtindi kidogo wa zamani unaogandisha maziwa mapya.

"Mbegu ndiyo hiyo imo. Hii haijawahi kukauka, kaka. Tangu kwa marehemu mama yangu. Ndoo zimebadilika, za bati mpaka hizi za plastiki, lakini mtindi ni uleule, tunahamisha. Kila siku tunauza juu, chini tunaacha. Onja."

Nilionja. Ulikuwa mchachu wa kukunja sikio. Nikawaza kama mnavyowaza ninyi: humu hamna kijidudu kinachoweza kuishi. Si tumeambiwa uchachu unaua? Si ndiyo maana mtindi haumdhuru mtu? Nikarudi Handeni na swali langu likiwa limenenepa.

Hapo ndipo nilipokwenda kumwona Rehema.

Rehema ni binti wa maabara, alikuwa akipita vituoni kupima maziwa. Nilimshuku naye, kwa sababu ya koti jeupe lisilo na doa. Mtu wa maziwa asiye na doa hafanyi kazi. Nilimweleza yote. Akasikiliza, akauliza jambo moja tu: "Baba, upawa anausuuza wapi?"

"Kwenye pipa."

"Maji ya pipa yanatoka wapi, masika hii?"

Yanatoka mtoni, na mto ulikuwa umepanda, wa rangi ya chai.

Alikwenda akachukua maji ya pipa, maziwa yaliyochemshwa kabla hayajaingia ndooni, na mtindi wa ndoo. Alipopata majibu, akaniita. Maziwa yaliyochemshwa yalikuwa safi, na ya Mama Nasieku yalikuwa yakipita moto huohuo. Kwenye maji kulikuwa na bakteria wa kinyesi cha watu. Na kwenye ndoo walikuwemo haohao, wazima.

"Kwenye mtindi ule?" nikasema. "Binti yangu, usinichezee. Ule mtindi ungeweza kung'arisha sufuria."

"Nami nilitegemea useme hivyo, Mzee Pua. Kaa."

Akamimina maziwa kwenye glasi, akakamulia limau. Yakakatika mabonge.

"Kilichoganda ni nini?"

"Maziwa."

"Ni protini za maziwa. Zimekutana na tindikali, zikashikana. Sasa, bakteria naye ana protini zake, ndizo mikono na milango yake. Kila moja ni kama uzi uliokunjwa kwa umbo lake, na umbo likiharibika haifanyi kazi. Tindikali ikimwingia, nyuzi zinakunjuka, zinashikana mabonge kama haya. Anakufa."

"Basi ni kama nilivyosema mimi."

"Subiri. Kuna bakteria, hawa wa tumboni, wana protini nyingine ndogo ndogo ambazo kazi yao ni kulea wenzao. Nyakati za kawaida zimejikunja, zimekaa bure. Tindikali ikiwa kali, nazo zinakunjuka. Lakini hizi kukunjuka hakuziharibu. Ndiko kunakozipa kazi. Zikishakunjuka zinazishika zile nyingine, kila moja kivyake, zisigandane. Tindikali ikipungua zinaziachia taratibu, si kwa mpigo mmoja, na zile zinajikunja upya kwenye umbo lake. Yule bakteria anainuka anaendelea na safari."

Nilikumbuka kiwanda cha mkonge. Katani ikitoka kwenye mashine ina maji. Ukiitupa chungu nzima inasokotana, huwezi tena kuitenganisha, inakuwa takataka. Ndiyo maana wanakaa watu hapo wa kupokea, kila mtu anashika fungu lake mbali na la mwenzake mpaka lifike kwenye waya wa kuanikia. Niliwahi kuwa mmoja wao. Tulikuwa tunakaa tunapiga soga mashine ikiwa imezimwa, ikiwaka tunasimama.

"Wanakaa mpaka mashine iwake," nikasema.

"Ndiyo, baba. Hivyo hivyo."

Lakini sikuwa nimemalizana naye. "Kama wote wana hao walezi, mbona mtindi wa watu wengine hauwadhuru?"

Rehema akacheka. Alisema hapo ndipo penyewe. Bakteria akitupwa ghafla kwenye tindikali kali hajajiandaa, walezi ni wachache, wengi wanakufa. Ndiyo maana tumbo letu lina tindikali, ni mlinzi. Lakini ukimweka kwanza kwenye uchachu mdogo unaopanda polepole, anapata taarifa. Anatengeneza walezi wengi, anawaweka tayari. Uchachu wa mtindi haufikii ule wa tumboni. Haukuwaua wote, uliwaonya tu. Na Mama Zaina kila siku alikuwa anaongeza maziwa mapya, uchachu unashuka, halafu unapanda tena taratibu. Aliwapa mazoezi kila siku. Walipofika kwenye tumbo la mgeni wa maulidi, walikuwa wamekwisha jifunza.

"Hayo ni maneno," nikamwambia. "Nionyeshe."

Akanionyesha. Alichukua wale bakteria wa ndoo, wengine akawakuza kwenye chakula kisicho na uchachu, wengine akawakalisha kwanza kwenye uchachu mdogo. Kisha wote akawatia kwenye tindikali kali kama ya tumbo, akawapaka kwenye visahani viwili vya kuoteshea, akavifungia kwenye kabati la joto. Alipogeuka, nilikwaruza alama kwa msumari chini ya kila kisahani, asije akavibadilisha. Kesho yake alipovitoa, nilivigeuza kwanza nikatafuta alama zangu.

"Umenikwaruzia visahani vyangu?" akasema.

"Nimevikwaruza."

Kisahani cha wasio na mazoezi kilikuwa na vidoa vya kuhesabika. Cha waliofunzwa kilikuwa kimejaa, kama ngozi ya mtu mwenye surua. Alama zilikuwa mahali pake. Nikamwambia Rehema anisamehe visahani, akasema angependa wapokeaji wote wawe hivyo, ila wasiwe wengi kwa siku moja.

Kwa hiyo ninyi wa leo, mkisikia mtu anasema "yameshachacha, hayana shida", mwulizeni yalichacha pamoja na nani. Chemsha kwanza, chachusha baadaye. Mbegu ipumzishwe: ndoo imalizwe, ioshwe kwa maji yaliyochemka, ianikwe juani, na mbegu ichukuliwe safi. Upawa usuuzwe kwa maji ya kuchemsha, hata kama anayewacheka ni mama mkwe. Uchachu ni rafiki wa mtu msafi, lakini hauwezi kumsafisha mchafu.

Kujua ilikuwa rahisi. Kumwambia Mama Zaina ndiko kulikokuwa kazi. Tulikwenda watatu, Rehema, Mzee Mhina na mimi. Zaina alikuwa ameruhusiwa, amelala kwenye mkeka barazani, mtoto bado yu salama tumboni. Mama yake alitupokea kwa shikamoo na marahaba, akatuletea viti. Rehema akaeleza polepole. Alipofika kwenye ndoo, Mama Zaina akasimama.

"Unataka nimwage mtindi wa mama yangu?"

"Mama, wamo humo."

"Miaka yote hii hawakuwemo! Yule Mmasai amewapa nini ninyi?"

Mzee Mhina akatazama viatu vyake. Mimi nilitaka kusema, lakini aliyesema ni Zaina, bila kuinuka.

"Mama. Mimi ndiye niliyekunywa vikombe viwili, kwa sababu ni wa bibi. Huyu akizaliwa," akashika tumbo, "utampa humo?"

Mama Zaina akaifungua ile khanga kwenye ndoo, akaikunja vizuri, akaiweka begani. Akaibeba ndoo mwenyewe hadi nyuma kwenye shimo, hakutaka kusaidiwa. Tulisikia ikimwagika. Ilichukua muda, kwa sababu mtindi mzito hautaki kutoka chini.

Nikafikiri yamekwisha. Lakini nilipompelekea Mama Nasieku habari kwamba maziwa yake yanapokelewa, alikataa kuja.

"Walinirudisha mchana kweupe, watu wanacheka," akasema. "Aliyesema maziwa yangu ni sumu aje ayachukue mwenyewe. Mchana. Watu wakiona."

Mzee Mhina alipiga mahesabu ya aibu yake na ya kikundi, akapiga simu Korogwe. Nami sikuamini kama Mama Zaina angekuja. Niliweka dau na dereva, nikapoteza.

Alikuja na gari letu, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini, na ndoo mpya mkononi. Foleni ilikuwa ndefu, na yule kijana wa simba alikuwemo. Mama Nasieku alikuwa amekwisha fika, amesimama kando, keni chini, uzi mwekundu umefungwa.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia, macho kwa mwenzake.

Mama Zaina akamsogelea. "Mama Nasieku. Nimekuja kuchukua maziwa yako."

"Zaina yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anakula."

"Na tumbo lake?"

"Mtoto anacheza."

Mama Nasieku akatikisa kichwa kukubali. Nikadhani sasa atafungua keni. Badala yake akanyoosha mkono.

"Lete ndoo."

Mama Zaina akampa. Mama Nasieku akatoa kifuniko, akakinusa kwanza. Ndipo akainamisha uso ndani ya ndoo, mpaka hereni zake za shanga zikagonga ukingo. Foleni nzima ikasogea kutazama. Hata Mzee Mhina alichungulia.

Akainua kichwa.

"Inanuka sabuni," akasema. "Suuza tena."

Mama Zaina alimwangalia. Kisha akaichukua ndoo, akapita mbele ya watu wote, akaenda kwenye birika letu la maji ya kuchemsha, akasuuza, akamwaga, akasuuza tena, akaikung'uta. Akairudisha.

Mama Nasieku akanusa mara ya pili, bila haraka. Halafu akaufungua uzi mwekundu, akamimina mwenyewe.